Mkataba ufuate kazi: Mwongozo kwa wanaoajiri wataalamu Ngaremara

KUFULI kwenye mlango wa zahanati ni habari mbaya popote nchini, lakini katika wadi ya Ngaremara, Kaunti ya Isiolo, linaweza kuwa suala la kufa na kupona. Mama aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua usiku, au mtoto aliyeumwa na nyoka akiwa malishoni, hulazimika kusafirishwa hadi mjini Isiolo kwa gari au pikipiki, iwapo chombo kitapatikana.

Si kila mara kufuli hilo hutokana na ukosefu wa jengo au dawa. Wakati mwingine chanzo chake ni karatasi tu: mkataba wa muuguzi umekwisha, hakuna aliyefikiria mapema kuuendeleza, naye mwenyewe ameshapata kazi kwingine.

Ngaremara iko kaskazini mwa mji wa Isiolo, kando ya barabara kuu iendayo Archer's Post, Marsabit hadi Moyale. Ni mojawapo ya wadi 10 za kaunti hiyo, na ni eneo kame ambalo wakazi wake wengi hutegemea mifugo. Katika mahali kama hapo mtaalamu mmoja akiondoka, pengo lake halizibwi kwa wiki moja kama ambavyo lingezibwa Nairobi au Mombasa.

Kwa sababu hiyo, suala la mkataba upi apewe mtaalamu si la mawakili peke yao. Linaihusu Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti inayoajiri wauguzi na wahandisi. Linazihusu pia bodi za usimamizi wa shule, kamati za maji, mashirika yasiyo ya kiserikali, na hata mfanyabiashara anayefungua kliniki au duka la dawa za mifugo.

Njia nne za kuajiri

Kwa jumla, anayehitaji huduma za mtaalamu nchini Kenya ana njia nne mbele yake.

Ya kwanza ni ajira ya kudumu. Mfanyakazi huendelea na kazi hadi atakapostaafu, kujiuzulu au kuachishwa kwa sababu halali. Katika utumishi wa umma ajira hii huandamana na pensheni, na umri wa kawaida wa kustaafu ni miaka 60.

Ya pili ni mkataba wa muda maalum. Tarehe ya kuanza na ya kumaliza hujulikana tangu mwanzo; huweza kuwa miezi mitatu, mwaka mmoja au miaka mitatu. Badala ya pensheni, mfanyakazi mara nyingi huahidiwa kiinua mgongo muda ukikamilika.

Ya tatu ni kibarua, ambapo mtu hulipwa mwisho wa siku na hana ahadi ya kurudi kesho. Njia hii ilikusudiwa kazi za muda mfupi sana, ingawa baadhi ya waajiri huitumia hata kwa watu wenye vyeti.

Ya nne ni kumkodi mtaalamu huru. Huyu si mwajiriwa. Ni mtu au kampuni inayouza huduma, kama vile mhasibu anayekagua vitabu vya hesabu mara moja kwa mwaka, au fundi anayekuja kutengeneza pampu ya kisima kisha akaenda zake.

Hakuna njia iliyo bora kuliko nyingine kwa kila hali. Kosa huja pale mwajiri anapoanza kwa kuuliza ni njia ipi iliyo rahisi kwa mfuko wake, badala ya kuuliza kazi yenyewe ni ya namna gani.

Funzo la miaka ya karibuni

Isiolo ina sababu ya kulifahamu suala hili kuliko kaunti nyingi. Desemba 2018, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipozindua majaribio ya mpango wa Afya kwa Wote, Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti nne zilizochaguliwa. Nyingine zilikuwa Kisumu, Machakos na Nyeri.

Mwaka 2020, serikali kuu iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya chini ya mpango huo kwa mikataba ya miaka mitatu na kuwatuma katika kaunti. Muda huo ulipokwisha mwaka 2023, mikataba iliongezwa. Wauguzi, maafisa wa kliniki na wataalamu wa maabara waliendelea kufanya kazi ileile bega kwa bega na wenzao walioajiriwa na kaunti kwa masharti ya kudumu, lakini kwa malipo ya chini.

Mwaka 2025 wahudumu hao walipiga kambi nje ya jumba la Afya House jijini Nairobi, makao makuu ya Wizara ya Afya, wakidai masharti ya kudumu. Mwaka huohuo wizara ilitangaza kuwa wangehamishiwa serikali za kaunti. Kazi iliyoandikwa kana kwamba ni ya miaka mitatu ilikuwa, kwa hakika, kazi ya kila siku ya hospitali.

Sekta ya elimu nayo ilipitia hali kama hiyo. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, iliwaajiri walimu wanagenzi kufundisha shule za sekondari msingi kwa marupurupu ya Sh20,000 kwa mwezi, ilhali wengi wao walikuwa wamehitimu na kusajiliwa kuwa walimu kamili.

Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba iliamua kuwa TSC haikuwa na mamlaka ya kuajiri walimu kwa njia hiyo. Mwezi uliofuata, walimu hao walisusia kazi. Serikali baadaye ilitenga fedha za kuwapa maelfu yao ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025.

Mfano wa tatu ni wa madaktari 100 kutoka Cuba walioletwa mwaka 2018 kwa makubaliano baina ya serikali hizo mbili, ili kujaza upungufu wa madaktari bingwa katika kaunti. Makubaliano hayo yalitamatishwa Oktoba 2023. Kaunti ambazo hazikuwa zimepata mabingwa wao katika miaka hiyo mitano zilijikuta zikianza upya.

Mifano hii yote inaonyesha jambo moja: mkataba wa muda ukitumiwa kwa kazi isiyokwisha, tatizo huahirishwa tu. Siku ya kulilipia ikifika, huwa limeongezeka.

Sheria haitazami jina

Waajiri wengi huamini kwamba wakiandika neno 'kibarua' au 'mshauri' juu ya karatasi, basi wamejiepusha na majukumu ya kisheria. Sivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hutazama kazi inavyofanywa, si jina lililoandikwa.

Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinaeleza kuwa kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au anayepewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kukamilika chini ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Hapo hupata haki ya kupewa notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa kazi.

Vivyo hivyo kwa mtaalamu huru. Mzozo ukifika mahakamani, maswali yatakayoulizwa ni haya: Je, nani humpangia saa za kuingia na kutoka? Vifaa vya kazi ni vya nani? Je, anaweza kumtuma mwenzake afanye kazi hiyo kwa niaba yake? Je, anahudumia wateja wengine? Hasara ikitokea, ni ya nani?

Muuguzi anayefika zahanatini kila asubuhi, akitumia vifaa vya zahanati na kuomba ruhusa ya kwenda likizo, ni mwajiriwa hata kama mkataba wake unamwita mshauri.

Mwajiriwa wa muda maalum naye ana haki nyingi sawa na za mwenzake wa kudumu. Anastahili likizo ya siku 21 za kazi kila baada ya miezi 12, likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, na malipo akiwa mgonjwa. Vilevile hawezi kufutwa kabla ya muda wake kwisha bila sababu ya haki na bila kusikizwa.

Mwajiri anayekiuka kanuni hizo anaweza kuamriwa alipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Kwa kamati ndogo ya kijijini, kiasi hicho kinaweza kumaliza akiba yote.

Kwa upande mwingine, mfanyakazi hapaswi kudhani kwamba mkataba wa muda maalum hugeuka kuwa wa kudumu kwa kuwa tu amefanya kazi vizuri. Mahakama ya Rufaa imeshikilia kuwa mkataba wa aina hiyo huisha wenyewe siku yake ikifika, na mwajiri halazimiki kutoa sababu za kutouongeza. Hali hubadilika tu iwapo mwajiri alitoa ahadi ya wazi, au mwenendo wake ulimpa mfanyakazi sababu ya msingi ya kutarajia kuongezewa muda.

Muuguzi, fundi na mwalimu

Tuchukue mifano mitatu ya kubuni ambayo mkazi yeyote wa Ngaremara angeitambua.

Wa kwanza ni muuguzi wa zahanati. Wagonjwa hawatakwisha mwaka ujao wala baada ya miaka mitatu. Chanjo za watoto hufuata ratiba, na mama mjamzito huhitaji kuonwa na mtu anayeijua historia yake. Zaidi ya hayo, muuguzi mgeni huhitaji miezi kadhaa kuzifahamu familia na manyatta zilizo mbali, na kujifunza angalau salamu za lugha ya wenyeji. Kazi hii inadai ajira ya kudumu.

Baadhi ya waajiri husita kwa kuhofia kumwajiri mtu asiyefaa. Hofu hiyo ina dawa yake katika sheria, nayo si mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Ni kipindi cha majaribio cha miezi isiyozidi sita, ambacho kinaweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita mfanyakazi akikubali. Katika kipindi hicho notisi ya kuachana ni siku saba tu. Hata hivyo, mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba waliamua kuwa hata aliye kwenye majaribio anastahili kusikizwa kabla ya kuachishwa kazi.

Wa pili ni fundi wa pampu ya kisima. Tuseme pampu huharibika mara tatu kwa mwaka. Kamati ya maji ikimwajiri fundi kwa Sh40,000 kwa mwezi, itatumia Sh480,000 kwa mwaka kumlipa mtu ambaye siku nyingi hana la kufanya.

Lakini ikimkodi fundi huru kwa Sh10,000 kila baada ya miezi mitatu kuikagua pampu, na Sh25,000 kila inapoharibika, gharama ya mwaka itakuwa Sh115,000. Jambo la muhimu katika mkataba wake ni muda wa kuitikia wito: afike ndani ya saa ngapi baada ya kupigiwa simu, na akichelewa akatwe kiasi gani. Ng'ombe wenye kiu hawawezi kusubiri wiki nzima fundi amalize kazi mjini.

Wa tatu ni mwalimu wa hisabati anayeshikilia nafasi ya mwenzake aliye kwenye likizo ya uzazi. Hapa mwanzo na mwisho wa kazi vinajulikana, kwa hivyo mkataba wa muda maalum ndio unaofaa. Ni vyema uandike waziwazi kwamba sababu ya ajira ni likizo hiyo, ili mwalimu huyo asije akajengewa matumaini yasiyokuwapo.

Gharama zilizofichika

Kisingizio kikubwa cha kutoa mikataba mifupi ni ukosefu wa pesa. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka 2015 zinaelekeza kuwa mishahara na marupurupu visizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na magavana wengi hulalamika kwamba kiwango hicho kinawabana.

Hata hivyo, mshahara wa mfanyakazi wa mkataba nao ni mshahara. Hesabu yake huingia katika asilimia hizo hizo. Kinachookolewa ni uzito wa pensheni ya siku za usoni, na hata hapo kuna kiinua mgongo cha kulipwa.

Kwa kawaida, kiinua mgongo katika mikataba ya utumishi wa umma ni asilimia 31 ya mshahara wa msingi. Kwa anayelipwa Sh50,000 kwa mwezi, kiasi hicho ni Sh186,000 kwa mwaka, au Sh558,000 baada ya miaka mitatu. Mwajiri ambaye hakuweka kando Sh15,500 kila mwezi atashtukia deni la zaidi ya nusu milioni siku ya kuagana.

Waajiri wa kibinafsi hawalazimiki kutoa kiwango hicho, lakini wakikiahidi katika mkataba watalazimika kukilipa.

Kuna pia makato ya kisheria. Kwa mwajiriwa, awe wa kudumu au wa muda, mwajiri hukata ushuru wa mapato na asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Kwa hazina ya NSSF na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, mwajiri huchangia kutoka mfukoni mwake kiasi sawa na kinachokatwa mfanyakazi.

Kwa mtaalamu huru, mwajiri hana mchango wa aina hiyo. Badala yake, malipo ya huduma za kitaalamu yanayofikia Sh24,000 kwa mwezi hukatwa ushuru wa asilimia 5, na mlipaji huuwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru. Wapo wanaovutiwa na unafuu huo na kuwageuza waajiriwa wao kuwa 'washauri'. Mamlaka ikigundua kuwa mshauri huyo ni mwajiriwa, hudai ushuru uliopaswa kukatwa pamoja na faini.

Gharama ya mwisho haionekani katika daftari lolote. Kila mkataba unapokwisha, mwajiri hutangaza nafasi upya, huhoji watu, husubiri anayechaguliwa ahame, kisha humfunza kazi. Iwapo shughuli hiyo inachukua miezi mitatu, na inarudiwa kila mwaka, basi zahanati haina muuguzi robo nzima ya wakati wake. Wanaoilipa gharama hiyo ni wagonjwa.

Yanayofaa kuandikwa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria inataka mkataba wowote wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Mzozo ukifika mahakamani na mwajiri akose kuonyesha mkataba, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa.

Kwa mwajiriwa, mkataba uonyeshe kazi yenyewe na mahali itakapofanyiwa, tarehe ya kuanza, mshahara na marupurupu, saa za kazi, likizo, notisi na, kama ni wa muda maalum, tarehe ya mwisho. Kwa eneo kama Ngaremara, ni busara kuongeza mambo mawili: nyumba ya kuishi na posho ya kufanya kazi katika mazingira magumu. Kuna wataalamu ambao hawakimbii mshahara mdogo bali kukosa mahali salama pa kulala.

Kwa mkataba wa muda, kuwe na kipengele cha kuwakutanisha wahusika miezi mitatu kabla ya tamati, ili kila mmoja aseme kama angependa kuendelea. Kipengele hiki hakimgharimu mwajiri chochote, nacho ndicho kinga kubwa zaidi dhidi ya kufuli la ghafla.

Kwa mtaalamu huru, mkataba ueleze kazi inayotarajiwa kukabidhiwa, bei yake, awamu za malipo na nani atalipia vipuri na usafiri. Ni afadhali sehemu ya malipo izuiliwe hadi kazi ithibitishwe. Aidha, uelezwe nani atagharamia matibabu ajali ikitokea. Kwa waajiriwa, sheria ya mwaka 2007 kuhusu fidia kwa wanaoumia kazini inamtaka mwajiri awe amewakatia bima.

Kabla ya kutia sahihi, mwajiri athibitishe kuwa mtaalamu amesajiliwa na leseni yake haijapitwa na wakati. Wauguzi husajiliwa na baraza lao, wahandisi na bodi yao, na walimu na TSC. Cheti kizuri kilichowekwa fremu ukutani si thibitisho.

Mtaalamu naye ana wajibu wa kusoma kabla ya kutia kidole au kalamu. Aulize kama kiinua mgongo kimewekewa akiba, kama michango ya NSSF inawasilishwa, na nini kitatokea mfadhili akijiondoa. Akidhulumiwa, anaweza kuwasilisha malalamishi kwa afisa wa leba au kufika mahakamani, mradi asizidishe muda wa miaka mitatu uliowekwa na sheria.

Yote yakishasemwa, mwajiri wa Ngaremara anaweza kujiuliza swali moja kabla ya mengine yote: Je, kazi hii itakuwapo baada ya miaka mitano? Kama jibu ni ndiyo, na inahitaji mtu kila siku, amwajiri kwa kudumu na kumweka kwenye majaribio kwanza. Kama ina mwisho unaojulikana, ampe mkataba wa muda. Kama huja na kwenda, amkodi mtaalamu huru.

Mama anayefika zahanatini usiku hataulizia aina ya mkataba. Atakachotaka ni kumkuta muuguzi yuleyule aliyempima mwezi uliopita, na mlango ukiwa wazi.